Urithi Usioandikwa katika Wosia

Tuna methali tunayoitumia kwa wepesi mno: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kijana akamatwapo kwa wizi, twaitamka njiani na hata katika jumuiya zetu, na hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla hakimu hajaketi. Filamu ya Kimarekani iitwayo The Place Beyond the Pines, iliyoongozwa na Derek Cianfrance na kuonyeshwa kwanza mwaka 2012, yatupa nafasi ya kuipima methali hiyo.

Kisa chatokea Schenectady, katika jimbo la New York. Luke, mwendesha pikipiki wa maonyesho, agundua kwamba amezaa mtoto, Jason. Yeye mwenyewe alikua bila baba, naye ataka mwanawe asipatwe na hayo. Lakini ujira wake ni mdogo, na upendo wake wageuka kuwa wizi wa mabenki. Askari Avery, ambaye naye ana mtoto mchanga, amfuata hadi chumbani, atangulia kufyatua risasi, na Luke afa. Avery asifiwa kuwa shujaa. Kwamba ndiye aliyetangulia kupiga, hasemi. Baada ya miaka 15, agombeapo cheo cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo, wana wa watu hao wawili wakutana shuleni bila kujuana, na dawa za kulevya zawaunganisha.

Je, methali imethibitika? Sisi twakataa. AJ, mwana wa Avery, ni mjukuu wa jaji. Hakuna mwizi katika ukoo wake, na bado amepotea. Alichorithi si damu, bali ni ukimya wa baba asiyeweza kumtazama mwanawe bila kumkumbuka yatima aliyemfanya. Avery alifichua rushwa ya polisi wenzake, na hilo lilikuwa jema. Lakini ukweli juu ya dhambi za wengine ni nusu tu ya haki. Nusu ya pili ni ukweli juu yetu wenyewe.

Mwishoni Jason amshikia Avery bunduki msituni. Avery alia na kuomba radhi, na kijana hapigi. Kumbe mnyororo waweza kukatika! Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakataza Waisraeli methali iliyofanana na hii yetu.

Twailaumu filamu kwa jambo moja. Kofi, baba wa kambo aliyemlea Jason kwa miaka yote, apewa nafasi ndogo, na mwishowe kijana anunua pikipiki na kwenda zake, kana kwamba damu ndiyo iliyomwita. Kwetu sisi, Kofi ndiye baba hasa: hakuiba, hakupata sifa, alibaki nyumbani.

Kwa hiyo, enyi akina baba, mkate tu hautoshi. Mtoto asipoelezwa kosa la mzazi wake kwa upole nyumbani, atalisikia kwa dhihaka njiani. Nanyi viongozi wa jumuiya, mtoto wa mfungwa aingiapo katika sala zenu, mwiteni kwa jina lake la ubatizo, si kwa kosa la baba yake. Haki na amani zaanzia hapo.