Wana Kitete, Tusihukumiwe na Asiyejibu

Ndugu zangu wa Kitete, nanyi majirani wa Cheyo, Isevya, Ng'ambo na Chemchem hapa Tabora, nawaandikia juu ya jambo lililokwisha kuingia majumbani mwetu bila hodi. Akili mnemba si habari ya wasomi wa Dar es Salaam tu. Imo kwenye simu ya mama anayeuza asali sokoni, na ndiyo inayoamua kama anastahili kukopeshwa au hastahili.

Tazameni inavyokwenda. Unapakua programu ya mkopo. Hata riba hujaielewa, simu inakuomba ruhusa: isome majina yote uliyohifadhi, isome meseji, ijue ulipo. Chini kuna kitufe kikubwa kimeandikwa Kubali. Ukibonyeza tu, mashine inapekua miamala yako na vocha unazoweka, na baada ya dakika chache imeshatoa hukumu. Ukinyimwa, huambiwi kwa nini. Ukipewa ukachelewa kulipa, shemeji yako, mwalimu wa mwanao na fundi aliyekuezekea nyumba wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mikopo ya namna hiyo watu wanaiita kausha damu, na hawajakosea.

Sasa mfikirieni mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge. Fedha yake huja kwa msimu, kupitia chama cha msingi, tumbaku ikishauzwa. Miezi mingi simu yake haipitishi muamala wa maana. Majirani wanamjua: ana shamba, ana bani lake la kukaushia, deni la mtu halali kwake. Lakini mashine iliyofundishwa kwa mienendo ya watu wa mshahara wa kila mwezi, ikikuta simu kimya, humweka kwenye fungu la wasioaminika. Hakuna aliyemchukia mzee huyu wala aliyekusudia kumwonea. Hata hivyo ameonewa, na hajui amshitaki nani. Hapo ndipo ninapokasirika. Mtendaji wa kata akikunyima haki utamfuata ofisini, na akikukwepa utakwenda kwa diwani. Mashine utaifuata wapi?

Mji wetu ni mji wa wapagazi. Wazee wetu walibeba pembe na majora ya nguo kati ya hapa na Bagamoyo, na wengine walivuka hadi Ujiji. Hawakuwa watu wa kubebeshwa tu. Waliupima mzigo kabla ya kuuweka begani, wakapatana ujira na posho. Mwenye msafara akivunja mapatano, waliweza kuitua mizigo wote kwa pamoja, naye akalazimika kukaa kitako kuzungumza. Mmoja akitua peke yake, angeachwa njiani. Sisi leo tunabonyeza Kubali mmoja mmoja, usiku, kila mtu na shida yake, na aibu ikija kila mtu anaificha kwake.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, kudai zisahihishwe zikiwa na makosa, na kukataa uamuzi mzito juu yako ufanywe na mashine peke yake. Tume ya kuisimamia ipo. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Benki Kuu nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka huohuo, na ilipofika Novemba ikazitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ni hatua za kupongezwa. Lakini Tume haiwezi kujua kilichompata mtu wa Kitete ambaye hajalalamika.

Wala sisemi tuzikatae mashine. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu za kompyuta zitumike kusoma eksirei za kifua na kubaini dalili za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Hospitali yetu ya Kitete hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka wilaya zote za mkoa. Msaada kama huo ukifika, tuupokee kwa mikono miwili, ila aliyetia saini kwenye cheti awe daktari mwenye jina, anayeweza kuulizwa.

Basi ninaloomba ni hili. Kila mtaa ulipeleke suala hili kwenye mkutano wake, na vikoba vyetu vilizungumze kabla ya kugawana hisa. Tukubaliane kwamba hakuna anayekopa kwenye programu kabla ya kuhakikisha ina leseni ya Benki Kuu. Vijana wetu wanaojua simu wawasaidie wazee kuzifunga ruhusa zilizokwisha kutolewa. Aliyechafuliwa jina kwa meseji asizifute; azitunze, azilete, ziambatanishwe kwenye barua moja ya malalamiko kwa Tume, yenye saini zetu wote. Diwani naye tumwombe aifikishe hoja hii kwenye Baraza la Madiwani: taasisi yoyote inayotumia mashine kuamua jambo la mkazi wa Tabora itaje ofisi na mtu wa kulijibia.

Mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, nenda. Ikifika ajenda ya mengineyo, simama ulisemee jambo hili kabla kikao hakijafungwa.