CHEO NI DHAMANA, PENYE KOMPYUTA PIA

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba ofisi ikishajaa kompyuta na vijana wasomi, fitina, upendeleo na ubabe huondoka zenyewe. Yaliyotokea katika kampuni ya Uber ya Marekani mwaka 2017 yanatosha kuivunja imani hiyo, na sisi tunaona ni wajibu wa viongozi na watendaji wa Visiwani kuyatafakari.

Kampuni hiyo ilianzishwa San Francisco mwaka 2009. Mali yake kubwa haikuwa magari, bali programu ya simu inayomkutanisha abiria na dereva. Ilikua kwa kasi ya ajabu, ikaingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016. Lakini wakati dunia ikiisifu kwa mbio zake, ndani ya ofisi zake dhuluma ilikuwa imeota mizizi.

Tarehe 19 Februari, 2017, Susan Fowler, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi hapo, aliandika hadharani yaliyomkuta. Alieleza kwamba mkuu wake alimtaka kimapenzi mara tu alipoingia katika kikosi chake. Alipolalamika kwenye idara ya utumishi, alijibiwa kwamba bwana huyo ni mtendaji hodari na hilo ni kosa lake la kwanza. Baadaye akagundua kwamba wanawake wengine walikwisha kumlalamikia bwana yule yule. Alipoomba uhamisho alizuiwa, na tathmini yake ya kazi, iliyokuwa nzuri, ikabadilishwa baada ya kutolewa. Alieleza pia jinsi wakuu walivyopigania viti vya wakubwa wao, hata miradi ikaachwa njiani na wafanyakazi wasijue washike lipi. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Hayo hayakuletwa na kompyuta. Yaliletwa na kampuni kukua upesi kuliko taratibu zake, na na misingi iliyoruhusu watu kukanyagana kwa kisingizio cha kutafuta wazo lililo bora, hata ubabe ukapata jina zuri. Zaidi ya yote, yaliletwa na ofisi ya malalamiko iliyomlinda mwenye tija badala ya mwenye haki.

Malipo yake yalikuwa makubwa. Malalamiko 215 yalichunguzwa na watu zaidi ya 20 wakafukuzwa. Eric Holder, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, aliongoza uchunguzi wa mwenendo mzima wa kampuni. Mwezi Juni mwaka huo huo, Travis Kalanick, mkurugenzi mkuu, alijiuzulu kwa shinikizo la wenye hisa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 4.4 kuwafidia waliodhulumiwa.

Wenye hisa waliogopa hasara. Ofisi ya umma haina wenye hisa ila wananchi, nao hawaketi katika vikao vya bodi. Kwa hiyo hatari kwetu ni kubwa zaidi. Shughuli za Serikali zinapohamia katika kompyuta, huzuka ofisa mmoja anayeujua mtambo peke yake, na kila mtu huogopa kumgusa asije akaondoka na ujuzi wake. Mtu wa namna hiyo hageuki kuwa mtaalamu tu. Hugeuka kuwa sultani.

Tena Visiwani tunajuana. Mlalamikaji na mlalamikiwa huenda ni jamaa, au husali msikiti mmoja. Udugu huo ni neema, lakini mara nyingi dhuluma hufunikwa kwa jina la stara, na anayeambiwa asubiri huwa ni mnyonge, hasa mwanamke.

Sisi tunasema: lalamiko dhidi ya mkuu lisiamuliwe na mkuu huyo wala na walio chini yake. Tathmini iliyokwisha kutiwa saini isibadilishwe kwa siri. Uhamisho usiwe fimbo mkononi mwa mtu mmoja. Na ujuzi wa mitambo ya umma ugawanywe kwa watumishi wengi, ili pasiwe na hata mmoja asiyeweza kuulizwa.

Lalamiko la kwanza likisikilizwa kwa insafu, hapatakuwa na haja ya kusubiri la mia mbili na kumi na tano.