Usingizi wa Wanafunzi Usiuzwe

Mwanafunzi anaposinzia darasani saa nne asubuhi, neno la kwanza linalosemwa ni kwamba ni mvivu. Huamriwa kusimama, na somo likaendelea. Ni nadra kuulizwa alilala saa ngapi.

Wapo wanaongoja saa sita usiku, kwa kuwa ndipo vifurushi vya intaneti vya bei nafuu vinapoanza, navyo humalizika alfajiri. Kijana asiye na fedha anauziwa intaneti kwa bei rahisi, na kinachopungua katika bei hiyo anakilipa kwa usingizi wake.

Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mwanga wa simu huuchelewesha mwili kutoa homoni ya usingizi. Kwamba simu peke yake huleta maradhi ya akili, wanasayansi bado wanabishana; lakini kwamba kukesha usiku baada ya usiku huzidisha wasiwasi, hasira na huzuni, hilo halina ubishi.

Kupiga marufuku tu hakutoshi. Korea ya Kusini, kwa sheria iliyoanza mwaka 2011, iliwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakatumia namba za vitambulisho vya wazazi, michezo ikahamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa, na ilipofika mwaka 2022 sheria hiyo ilikuwa imefutwa. Hapa nchini, shule za bweni zinajua fika simu zinavyofichwa ndani ya magodoro.

Walimu nao wasijitoe katika lawama. Anayetuma kazi ya nyumbani saa tatu usiku katika kundi la WhatsApp la darasa amemwagiza mwanafunzi akeshe, na kesho yake ndiye atakayemkemea kwa kusinzia.

Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipowapandisha wananchi hasira, Serikali ilizisitisha. Uwezo huo ungalipo. Makampuni ya simu hayana budi kutakiwa kutoa bei ya usiku kati ya saa kumi alasiri na saa mbili usiku, mwanafunzi akiwa ametoka shuleni na hajalala. Yatajibu kwamba saa hizo mitambo huelemewa. Basi kifurushi hicho na kiwe kidogo, cha masomo tu.