Mwanachuo Mwembamba Ale, Asimeze Vidonge vya Kunenepesha



Vidonge vya kunenepesha vimeingia vyuoni, na vijana wetu wa Kiislamu ni miongoni mwa wanaovimeza. Msichana ameambiwa hataolewa kwa wembamba ule. Mvulana anaitwa njiti, na akirudi likizo majirani wananong'ona kuwa ameathirika. Basi anakwenda duka la dawa bila cheti cha daktari, na anauziwa. Baya zaidi, wapo wazazi wanaojua na wakafurahia mashavu.

Vidonge hivyo hasa ni vya aina mbili. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Huongeza hamu ya kula, lakini pia huleta usingizi, mwanafunzi akasinzia darasani. Za hatari zaidi ni deksamethasoni na prednisoloni. Mikononi mwa daktari ni dawa nzuri, zimewasaidia wengi wenye pumu. Lakini anayezimeza ili anenepe, uso wake huvimba ukawa duara na mafuta hujaa tumboni, huku misuli ya mapaja ikinywea. Huo si unene. Sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofu, kinga hushuka, na kifua kikuu kilicholala mwilini huweza kuamka. Aliyezizoea kwa wiki nyingi asiziache ghafla, kwani mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake na anaweza kuzidiwa hata kufa. Aende hospitali, aseme kweli.

Na si kila mwembamba ana tatizo. Mtu mzima wa urefu wa mita 1.60 huhesabiwa ana uzito pungufu akiwa chini ya kilo 47 hivi. Wa mita 1.70, chini ya kilo 53 na nusu. Aliye juu ya hapo, mwembamba kama baba yake na babu yake, mwacheni.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Sunan za Abu Daud na Ibn Majah, kwamba mama yake alitaka anenepe kabla ya kupelekwa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Walijaribu mengi yasifae, mpaka alipokula matango pamoja na tende mbivu, akanenepa vizuri. Kutaka kunenepa, basi, si aibu, na njia ilikuwa chakula. (Tango ni maji matupu, mimi nadhani kazi kubwa ilifanywa na tende.)

Mwanachuo wetu anakula nini? Asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana hana kitu, usiku chipsi. Bumu likichelewa, hata chipsi hakuna. Huyu anahitaji kuongeza kalori 300 mpaka 500 kwa siku, juu ya milo mitatu ya kweli. Konzi ya karanga, gramu 30, ina kalori 170 hivi. Glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta, 150. Nusu ya parachichi la wastani, 160. Hakuna hata kimoja kinachohitaji jiko la hosteli. Maharage, dagaa na mayai viwemo kwenye milo, na mazoezi ya kupiga pushapu mara tatu kwa wiki, ili kinachoongezeka kiwe misuli. Maji mengi asinywe kabla tu ya kula, yanajaza tumbo. Akiongeza robo mpaka nusu kilo kwa wiki, anakwenda vizuri.

Anayefunga Jumatatu na Alhamisi asiache daku, na baada ya futari ale tena kabla ya kulala. Akiona bado anapungua, apumzishe kwanza. Hiyo ni sunna. Kwa Ramadhani, mgonjwa amuone tabibu na sheikh wake.

Lakini aliyekuwa na mwili akakonda bila sababu, asianze na karanga, aanze na vipimo. Kikohozi cha wiki mbili, homa na jasho la usiku, kiu na kukojoa sana, moyo kwenda mbio: hayo ni ya hospitali. Kifua kikuu kinatibiwa bure, na kinapona.

Nawe mzazi, mwanao akija likizo mashavu yamejaa ghafla na miguu imekonda, mkalishe faragha umuulize kwa upole anameza nini.