Tuleteeni Kompyuta Zinazofunguka

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, tunaandika kutoka Nakivale. Leo tuko na jambo moja tu, na liko na haraka.

Kuna shirika limekubali kutupa kompyuta kumi kwa chumba chetu cha kusomea hapa Base Camp. Wametuuliza: mnataka laptopu ama za mezani? Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye mkutano wa Jumamosi karibu wote tulinyosha mkono kwa laptopu, hata dakika tano hazikuisha. Laptopu inapendeza bwana. Unaitia kwenye begi, ukipita sokoni watu wanaona kabisa uko na safari ya maana. Lakini tulipotoka pale tukaanza kuulizana: hivi zile za kwanza ziliishia wapi?

Wa siku nyingi wanakumbuka. Tulishapewaga laptopu nane, mpya, nyembamba kama sahani. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka wa kwanza zilifanya kazi vizuri, hatuwezi kusema uongo. Mwaka wa pili moja tundu la chaja likalegea, ikakataa kuchaji. Nyingine ikamwagikiwa chai kwenye kibodi. Ya tatu betri ilivimba mpaka ikainua kibodi juu. Zilizobaki zikawa nzito, ukifungua kurasa mbili za intaneti inaganda. Tukachanga nauli, tukazipeleka kwa fundi Mbarara. Akafungua, akatikisa kichwa. Memori ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, diski vilevile. Hakuna cha kutoa, hakuna cha kuongeza. Ukitaka kutengeneza ununue bodi nzima, na bei yake inakaribia ya mashine nyingine.

Leo zote nane ziko ndani ya sanduku. Wenzetu watatu waliokuwa wanasoma kozi kwa intaneti waliachia njiani. Akili walikuwa nayo, mashine ndiyo ilikosekana. Mmoja sasa anaendesha boda, na kila akipita hapa anauliza kama kuna iliyopona.

Kwenye kona ya chumba hicho hicho kuna kompyuta ya mezani moja, kuukuu, iliyotolewa kwenye ofisi fulani. Feni yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Lakini inawaka mpaka leo. Pawa saplai iliungua, tukabadilisha. Diski ilikufa, tukaweka ya SSD, na tangu siku ile inawaka haraka kuliko zamani. Memori ilikuwa gigabaiti 4, tukaongeza ikawa 8. Kibodi tumebadilisha mara tatu. Kazi yote hiyo ilifanyika kwa bisibisi moja ya nyota, na aliyefanya ni kijana wetu wa hapa hapa, aliyejifunza kwa kufungua na kufunga.

Basi tuandike za mezani tumalize? Tusikimbie. Kuna habari ya umeme, na hapo laptopu iko na haki yake.

Tufanye hesabu pamoja. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na skrini yake inaweza kula kama wati 100. Kumi ni wati 1,000. Tukitaka zifanye kazi masaa 6 jua likiwa limeshatua, hizo ni wati-saa 6,000. Betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400, lakini zile betri za maji ya asidi ukizinyonya kupita nusu zinakufa mapema, kwa hiyo uhesabu 1,200. Hapo unahitaji betri tano, na bado hatujahesabu kinachopotea kwenye inveta. Laptopu kumi za wati 30 kwa masaa hayo hayo ni wati-saa 1,800. Betri mbili zinatosha.

Tena laptopu iko na betri yake ndani. Umeme ukikatika, wewe unaendelea. Ya mezani inazimika papo hapo. Dada yetu mmoja alikuwa anamaliza barua ya kuomba nafasi ya chuo, umeme ukaenda, na barua ikaenda nayo. Alilia. Kwa hiyo anayesema laptopu ni bora hajakosea. Ila tukumbuke kwamba betri ya laptopu nayo inachoka. Ukiichaji na kuimaliza mara mia tatu hadi mia tano, inaanza kushika kidogo kidogo. Ikishakufa na haitoki, unabaki na kompyuta ya mezani isiyofunguka.

Katikati ya hizi mbili kuna njia ambayo kwenye mkutano hakuna aliyeitaja. Kuna kompyuta za mezani ndogo, ukubwa wa kitabu kinene, ambazo maofisi makubwa yanazitumia miaka michache kisha yanaziuza. Dell wanazo, HP wanazo, Lenovo wanazo. Zinatumia chaja ya nje kama ya laptopu. Pamoja na skrini ya kawaida, kwa kazi za kuandika na kusoma, inakula kama wati 45. Nyingi unafungua skrubu moja tu nyuma, mfuniko unatoka. Memori yake ni ile fupi ya laptopu, na diski ya inchi 2.5 ya SATA inaingia humo na inaingia pia kwenye laptopu nyingi za zamani. Yaani mashine moja ikifa, viungo vyake vinaponya nyingine.

Sisi tunapendekeza hivi: ndogo za mezani saba zikae chumbani, na laptopu tatu kwa wale wanaobeba mafunzo kwenda Juru na Rubondo. Laptopu zenyewe ziwe zile nene za ofisi, ambazo betri, memori na diski vinatoka. Saba kwa wati 45 ni 315, tatu kwa wati 30 ni 90. Jumla 405. Kwa masaa 6 ni wati-saa 2,430. Laptopu tukizichaji mchana, betri mbili zinatubeba, sawa tu na kama tungechukua laptopu kumi.

Kuna wenzetu watasema: kwa nini mkimbizi apewe mitumba? Tunaelewa uchungu huo, tumevaa vya mitumba maisha yetu yote. Lakini zile nane zilikuwa mpya, na zilituheshimu mwaka mmoja tu. Sisi tunaona heshima ni kuulizwa kabla, halafu kuachiwa kitu ambacho mikono yetu inaweza kukitunza.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kununua tunaomba mtuulizie mambo manne kwa muuzaji. Memori na diski vinatoka? Chaja zote ni za aina moja, ili moja ikiungua tuazimane? Memori ni gigabaiti 8 na diski ni SSD? Na je, inakubali Windows 11? Kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikikataa siyo takataka, tunaweza kuweka Linux, ila tujue mapema tujiandae.

Na ombi la tano: kama pesa ni ya mashine kumi, leteni tisa. Ya kumi iwe pesa ya spea: diski mbili, memori, chaja, kopo la hewa ya kupulizia vumbi, na seti ya bisibisi. Vumbi la hapa kiangazi mnalijua. Likijaa kwenye feni mashine inachemka, na mashine inayochemka haina maisha.

Vijana, Jumamosi hii tunarudi kwenye mkutano. Njooni, na safari hii tusinyoshe mikono kabla ya kuongea. Lile sanduku la laptopu nane tutalileta pale katikati. Kila mtu aiguse moja, atafute skrubu ya kuifungua. Halafu tupige kura.