Upatanisho wa Kisarufi na Zana za Kuundia Programu

Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mjadala wa Kiswahili cha kompyuta umeelemea mno kwenye istilahi. Wataalamu hubishana iwapo faili limefutwa au imefutwa, ilhali tatizo zito zaidi limo katika sentensi nzima.

Chukuliwe mfano wa gettext, zana ya mradi wa GNU. Programu inapoandaliwa kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, zana hii huchopoa jumbe zote zitafsiriwe, kisha huzifungasha katika faili ambalo programu itasoma. Suala la idadi imelimudu, kwani Kiswahili huhitaji maumbo mawili tu, la umoja na la wingi. Ngeli haizijui. Mwanaprogramu akiacha nafasi tupu ya nomino, mfasiri hawezi kujua kama itajazwa na kitabu, ujumbe au maneno. Basi aandike hakipatikani, haupatikani au hayapatikani? Mtoto wa Darajani hapati taabu hiyo.

Njia ya mkato inayosifiwa ni kitenzi-jina: "Kufuta", nukta mbili, kisha nomino. Kosa la upatanisho halionekani tena. Lakini mtumiaji hajui kama barua yake imekwishafutwa, inafutwa, au anaulizwa kama ifutwe. Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hubeba taarifa hizo katika viambishi vya kitenzi. Kuvikwepa ni kuinyima sentensi maana yake.

Waandishi wa zamani wa Unguja walikabiliwa na hati za Kiarabu zisizo na p. Baadhi waliandika b, wakamwachia msomaji akisie; wengine waliongeza nukta, wakairekebisha zana yenyewe. Hao wa pili ndio wa kuigwa.

Gettext huruhusu ujumbe uleule uwekewe lebo za muktadha na kutafsiriwa kwa namna tofauti. Wanaprogramu watalalamika kwamba jumbe zitaongezeka, na ni kweli. Hata hivyo, lebo huwekwa na mwanaprogramu, wala si mfasiri. Kwa hiyo mwanaisimu anapaswa kuketi naye kabla jumbe hazijachopolewa. Baada ya hapo, mfasiri amebakiwa na kitenzi ambacho nomino yake hajaiona.