Barghash alilipa, nani alirithi?

Chuo cha muziki kikikaribia kufungwa kwa ukata, au tuzo ya waandishi ikikosa mdhamini, swali huwa lile lile: je, sanaa yetu iendelee kutegemea matajiri? Wapo wanaoona ni fedheha. Mimi naona tuanzie Unguja, kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Barghash alikuwa mkwasi wa karafuu, na hilo lisemwe kabla ya sifa yoyote. Mashamba yale yalihudumiwa na watumwa. Mwaka 1873, akibanwa na Waingereza, alikubali soko la watumwa lifungwe, lakini utumwa wa mashambani ulimzidi umri. Kila alichokifadhili kina jasho la watu ambao hawakualikwa kusikiliza.

Fedha hizo zilienda kwenye majumba, maji ya mjini, vitabu na muziki. Kwa vitabu, alianzisha matbaa iliyochapa maandiko ya madhehebu ya Kiibadhi kwa Kiarabu. Kazi kubwa ya matbaa hiyo ilikuwa Qamus al-Sharia, kitabu cha sheria chenye majuzuu yapatayo tisini. Kwa muziki, wazee wa taarabu husimulia kwamba aliwaleta wapigaji kutoka Misri wamtumbuize kasrini. Kisha akafanya jambo zito zaidi: alimtuma Mohamed Ibrahim, kijana wa Unguja, akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, huko huko Misri.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Matbaa ilikuwa ya sultani: mitambo, karatasi, mishahara, hata uamuzi wa kitabu gani kichapwe. Qamus haikuwahi kukamilika pale. Ilichapwa sehemu tu. Lakini ujuzi wa kanuni ulikuwa umeingia vidoleni mwa mtu, na mtu hufundisha wenzake bila kuomba ruhusa ya kasri. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, chama chao wenyewe, na kingali kinapiga taarabu. Baadaye akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watumwa. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Muziki uliowahi kuwa burudani ya wakubwa kwa Kiarabu ukawa sauti ya mwanamke wa shamba, akiimba dhuluma za mjini kwa lugha ya waliodhulumiwa. Sidhani kama Barghash aliwahi kuwaza hayo. Ufadhili wake ulizaa matunda mema kabisa pale ulipomponyoka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka fedha za matajiri zikataliwe. Tukizikataa, watakaobaki kwenye sanaa ni wenye kwao tu. Lakini pia siwezi kumshangilia kila anayetoa hundi mbele ya kamera. Tuulize: fedha hii inamjengea nani uwezo, na mtoaji akinuna, nini kitabaki? Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanza 2014 kwa udhamini wa kampuni za mabati, ilipata jambo moja sawasawa: miswada ya washindi ilichapishwa, na kitabu kikishachapishwa hakuna mdhamini wa kukirudisha. Kuna wasanii wengi, kwa upande mwingine, wanaolipwa kumsifu mheshimiwa kwenye hafla. Hiyo ni ajira, sikatai, ila haifundishi mtoto kushika udi.

Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar miaka ya mwanzo ya karne hii, kimefundisha vijana wengi taarabu na ngoma. Kimepitia ukata mkali wafadhili walipopungua, na inaniuma, kwa sababu pwani hatukosi mfano. Mtu huweka wakfu nyumba au shamba la minazi, na mapato yake yakautunza msikiti vizazi baada ya vizazi, hata jina la mtoaji likisahaulika. Tajiri anayeipenda taarabu kweli aweke nyumba ya kupangisha mikononi mwa wadhamini wasio jamaa zake, kodi ilipe mishahara ya walimu wa fidla, kanuni na utunzi wa mashairi, na asiwe na kauli juu ya wimbo gani uimbwe.